MX-5, Boxster au SLK? Kuchagua gari la kukunja paa la miaka ya tisini

Kabla hujauliza bei, piga magoti. Jumamosi moja ya Novemba nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto zilizolowa, mbele ya nyumba ya bwana mmoja huko Coventry, tochi mdomoni, nabonyeza kwa kidole gumba chuma cha ubavuni mwa Mazda MX-5 ya 2001. Gari lilikuwa linang'aa. Rangi ya samawati iliyokolea, viti safi, maili elfu sabini tu. Mwenzangu ni fundi, mtu wa Mombasa aliyezeekea kwenye gereji za hapa Uingereza. Hakuangalia rangi wala viti. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tairi la nyuma, akagonga kwa mpini wa bisibisi: ko, ko, ko, pwa. Hiyo "pwa" ndiyo iliyotuaga.

"Ndugu yangu," akaniambia tukishaingia barabarani, "pale hapana gari, pana rangi."

Tangu siku ile nimeacha kulinganisha magari haya kwa kasi. Kila mtu anajua kwamba Porsche inakimbia kuliko Mazda, hilo halihitaji makala. Gari likishapita miaka ishirini swali ni jingine: ugonjwa wake umejificha wapi, na je, mimi naweza kuuona kabla sijatoa pesa? Kila moja kati ya haya lina mahali pake pa kufichia maradhi, na mahali hapo ndipo panapotofautisha lipi linamfaa nani.

Nazungumzia magari ya viti viwili yenye paa la kukunja yaliyouzwa kati ya 1989 na miaka ya mwanzo ya 2000. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa magari ya namna hii, hadi MGB, gari lao lililopendwa sana, ikasimamishwa mwaka 1980 na soko likabaki karibu tupu. Mazda wakaja kulijaza. MX-5 ilionyeshwa Chicago Februari 1989, na walichofanya Wajapani ni kuchukua umbo na roho ya Lotus Elan, gari dogo la Kiingereza la miaka ya sitini, wakaondoa uvujaji wa oili na nyaya za kuungua. Likauzwa kama maandazi ya asubuhi. Wajerumani walipoona, wakaamka wote kwa mpigo: BMW wakaleta Z3 mwaka 1995, Mercedes wakaleta SLK na Porsche wakaleta Boxster mwaka 1996. Toyota wakaja mwisho, 1999, na MR2 ya kizazi cha tatu. Honda S2000 ya mwaka huohuo naiacha makusudi. Ni gari zuri mno, lakini bei yake imeshapanda hadi watu hawaliendeshi tena, wanalifunika.

Takwimu za msingi ni hizi, ili tusizirudierudie:

| Gari | Injini | Nguvu (farasi) | Uzito (kilo, kwa makadirio) | Paa |
|---|---|---|---|---|
| Mazda MX-5 1.6 ya kwanza | silinda 4, mbele | 115 | 950 | turubai, kwa mkono |
| Porsche Boxster 2.5 | silinda 6 za kulala, katikati | 204 | 1,250 | turubai, kwa mota |
| Mercedes SLK 230 | silinda 4 yenye kompresa, mbele | 193 | 1,325 | chuma, kwa haidroliki |
| BMW Z3 2.8 | silinda 6 za mstari, mbele | 193 | 1,270 | turubai, kwa mkono au mota |
| Toyota MR2 1.8 | silinda 4, katikati | 140 | 1,000 | turubai, kwa mkono |

Mazda MX-5: ugonjwa wa nje

Kuna vizazi viwili vya kufikiria. Cha kwanza, kilichoisha 1997, ndicho chenye taa za kuinuka kama macho ya chura. Cha pili kilianza 1998, taa zikakaa palepale zilipo na kioo cha nyuma kikawa kioo kweli badala ya plastiki. Injini za vyote viwili ni za kawaida kabisa, ukoo mmoja na zile za Mazda 323. Zikibadilishiwa oili na mkanda wa taimingi kila maili 60,000 zinakwenda tu. Ukisikia injini inagonga tikitiki ikiwa baridi, kisha inanyamaza, usikimbie. Ni vinyanyua vya valvu vinasubiri oili ivifikie. Za mwanzo kabisa, kabla ya kati ya mwaka 1991, zina krenki (shafti kuu ya injini) ya pua fupi, na puli ya mbele ikishalegea hula mahali pake. Kwa hiyo kwenye za 1989 hadi 1991 muulize mwenye gari kama jambo hilo limeshashughulikiwa, ukiona hakuelewi umepata jibu.

Lakini injini si habari. Habari ni kutu.

Maji ya mvua yakianguka kwenye turubai huteremka hadi kwenye mfereji ulio nyuma ya viti, na kutoka hapo huingia kwenye bomba jembamba kila upande, yatoke chini karibu na tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba bomba hilo, maji hayana pa kwenda. Yanaingia ndani ya ubavu wa gari na kukaa humo. Chuma kinaliwa kutoka ndani kwenda nje, na siku unayoona uvimbe mdogo wa rangi kwa nje, ndani kumeshakuwa kama mkate uliolowa. Juu ya hayo barabara za Uingereza humwagiwa chumvi kila msimu wa baridi. Sisi watu wa pwani chumvi tunaijua, tumeona inavyofanya mabati ya nyumba za karibu na bahari, ila hapa inarushiwa gari kutoka chini kwa kasi ya maili 70 kwa saa.

Jaribio la fundi wangu halina gharama. Anabeba chupa ya maji. Anafungua paa, anamimina taratibu kwenye mfereji ule, upande mmoja kisha wa pili, halafu anainama. Maji yakidondoka chini haraka, anatabasamu. Yasipodondoka, anamuuliza muuzaji yamekwenda wapi.

Kizazi cha pili kina jipu la ziada, na hili ndilo linalowauma wengi kwa sababu halionekani ukiwa umesimama: mihimili miwili ya chesisi ya mbele, nyuma ya bampa. Imetengenezwa kwa mabati yaliyolaliana, na unyevu ukishaingia katikati hautoki. Nimeona MX-5 ya kizazi cha pili nzuri kuliko ya kwanza kila mahali, halafu ukiangaza tochi pale mbele unaona chuma kimefumuka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kuchomelea kunawezekana, ila si kazi ya saa moja wala ya kila fundi.

Zile zilizoletwa Uingereza kutoka Japani, zenye jina la Eunos Roadster na spidomita ya kilomita, mara nyingi zilifika zikiwa na chuma safi kwa kuwa sehemu kubwa ya Japani haimwagi chumvi barabarani. Nasema zilifika. Miaka ishirini ya hapa imetosha kuzipa uraia.

Na kuliendesha? Farasi 115 si nyingi. Lakini kilo 950 si nyingi pia. Gia ni fupi, unaibadilisha kwa kifundo cha mkono tu, na usukani unakueleza tairi limekanyaga nini. Wajapani wenyewe walitumia msemo wa mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Ukiwa kilomita sitini kwa saa kwenye njia ya mashambani unajiona unashindana na mtu. Paa unalitupa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, wakati taa bado nyekundu. Kwenye kizazi cha kwanza fungua kwanza zipu ya dirisha la plastiki, usilikunje, hasa siku ya baridi. Litapasuka.

Porsche Boxster: ugonjwa wa ndani

Hili ndilo gari ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tunafanya magendo. "Hivi ni kweli Porsche inauzwa bei ya Toyota?" Ni kweli. Boxster ya kwanza, iliyotengenezwa 1996 hadi 2004, ndiyo Porsche ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuinunua. Kuinunua, nimesema. Kuitunza ni mlango mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Porsche walikuwa hoi kifedha, na Boxster ndiyo iliyowainua. Mahitaji yakawa makubwa hata baadhi ya magari yakawa yanaundwa Finland, kwenye kiwanda cha Valmet, badala ya Stuttgart. Injini yake imelala katikati, nyuma ya mgongo wako, silinda tatu huku na tatu kule. Uzito ukiwa pale kati, gari linakata kona kama linazunguka kwenye mhimili. Ilianza na lita 2.5. Kwa mwaka wa modeli 2000 ikawa 2.7, na ikaja Boxster S ya lita 3.2 yenye farasi 252. Ukipata nafasi, iendeshe mara moja hata kama hununui. Sauti ile ikipanda nyuma ya masikio, utaelewa kwa nini watu wanasamehe mengi.

Sasa ugonjwa. Ndani ya injini mna shafti ya kati inayozungusha minyororo ya kamshafti. Upande mmoja wa shafti hiyo umeshikwa na beringi iliyofungwa, ina grisi yake ndani. Miaka ikienda, oili ya injini hupenya ule mfuniko, huiosha grisi, na beringi hubaki yatima. Ikivunjika, minyororo hukosa mpangilio, valvu hugonga pistoni, na injini nzima huwa chuma chakavu kwa dakika moja. Si kila Boxster, na walio wengi hawatalipata. Kwa ujumla za mwanzo zilikuwa na beringi ya mistari miwili ya gololi ambayo ni imara zaidi. Kuanzia mwaka wa modeli 2000 hivi ikaingia ya mstari mmoja, na hiyo ndiyo yenye sifa mbaya. Ubaya wake ni kwamba haitoi taarifa. Kutu ya Mazda unaigonga kwa bisibisi. Beringi hii utaigonga na nini?

Kuna njia mbili za kupunguza wasiwasi. Ya kwanza ni karatasi: risiti inayosema beringi ilibadilishwa, na kwa kawaida hufanywa pamoja na klachi kwa kuwa gia boksi inakuwa imeshashushwa. Risiti, si maneno. Ya pili ni oili. Mwambie muuzaji utalipia sevisi ya oili kama sehemu ya ukaguzi, gari lipelekwe gereji mnayokubaliana. Filta ya Boxster ni ya karatasi. Nilimtazama fundi wangu akiitoa, akaikunjua mkunjo mmoja mmoja chini ya taa kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Alikuwa anatafuta vimeta vya chuma. Mkunjo wa tatu akasimama, akaisogeza filta karibu na jicho, akapitisha sumaku. "Hii plastiki," akasema, akaendelea. Ilikuwa safi. Muuzaji aliyekataa filta isifunguliwe, sisi tulimshukuru tukaondoka.

Mengine ya Boxster ni madogo ukilinganisha. Rejeta ziko mbele, kila upande nyuma ya matundu ya bampa, na hujaa majani makavu hadi kuoza pamoja na kondensa za kiyoyozi. Chungulia kwa tochi. Koili za plagi hupasuka. Sili ya nyuma ya krenki huvuja kidogo, na mafundi wengi huiacha hadi siku ya klachi. Mifereji ya paa nayo huziba, na hapa maji yakiingia ndani hukuta boksi la umeme la kengele na funguo chini ya kiti. Kapeti likilowa, gari halitaki kuwaka na wewe hujui kwa nini. Kabla ya sura mpya ya modeli ya 2003, dirisha la nyuma ni la plastiki. Wenye nayo husimamisha paa katikati ya safari, hushuka, huisukuma plastiki kwa kiganja ikunjike vizuri, kisha huendelea. Utazoea.

Jambo moja linalonichekesha: ukifungua buti la nyuma huoni injini. Unaona kizibo cha oili na cha maji, basi. Ukifungua la mbele, nalo ni buti. Gari lina mabuti mawili na injini haionekani, na kwa hiyo kazi ndogo kwake hugeuka kazi ya kupandisha gari juu. Hapo ndipo pesa zinapoenda.

Mercedes SLK: ugonjwa wa paa

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililinunua. SLK 230 ya 1999, ya fedha, otomatiki, viti vyekundu. Kwa Mswahili anayetaka kuonekana ametulia, hakuna kama hili. Paa lake ni la chuma, linajikunja lenyewe na kuingia kwenye buti kwa sekunde kama 25, na mwaka 1996 jambo hilo lilikuwa mazingaombwe. Likifungwa ni gari la kawaida: kimya, joto, salama mjini, hakuna mhuni wa kulichana turubai kwa wembe. Kama gari litakuwa moja tu nyumbani na mvua ni ya kila siku, hoja hiyo ina uzito mkubwa.

Muuzaji, simtaji, aliniambia paa "limefanyiwa kazi juzi." Wiki ya tatu, maegesho ya dukani, nimebonyeza kitufe. Buti likafunguka, paa likanyanyuka, likasimama. Limeelekea mbinguni kama mtu anayeomba dua. Mvua ikaanza. Sekunde 25 zikawa dakika arobaini, na watu wanapita na mikokoteni yao ya vyakula wananipa pole kwa Kiingereza. Baadaye nikakuta kapeti la buti lina unyevu wa mafuta. Mitungi ya haidroliki ilikuwa inavuja siku nyingi na mtu alikuwa anaongeza mafuta tu.

Kwa hiyo: fungua na ufunge paa mara tatu mfululizo, injini ikiwaka, kisha weka mkono chini ya kapeti la buti. Mara zote tatu. Mara ya kwanza hufanya hata lililo gonjwa. Na kabla hujamlaumu mtu, hakikisha pazia la kugawanya buti limevutwa mahali pake, bila hilo paa halisogei kabisa. Wapo waliouza gari kwa hasara kwa sababu ya pazia.

Injini ya 230 ni ngumu. Ni ya familia ileile ya C-Class za wakati huo, na kompresa yake, pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, ukiikanyaga inapiga mluzi kama cherehani yenye hasira. Otomatiki yake ya gia tano ni ya kudumu ila oili yake ilisemekana haibadilishwi maisha. Ibadilishe. Chuma ndicho kilichoiangusha Mercedes miaka ile: angalia matao ya matairi, ukingo wa buti, na mabawa ya mbele. Ndani, ile rangi laini ya dashibodi na vitufe hubanduka na kunata vidoleni. Haliharibiki kitu, lakini kila abiria ataligusa na kukutazama.

Kuliendesha kuna raha ya sebuleni. Usukani hausemi kitu. Ukitoka kwenye Mazda ukaingia kwenye SLK unahisi kama umevaa glavu. Na paa likiwa limekunjwa buti hubaki la begi moja dogo, usipange safari ya Scotland na mwenzako na nguo za wiki.

Mawili ya pembeni

Z3 ilikuwa BMW ya kwanza kuundwa Marekani pekee, huko Spartanburg, South Carolina. Chini kwa nyuma imerithi mfumo wa BMW 3 za miaka ya themanini, na wajuzi waliliponda kwa hilo. Kwangu kinachokatisha tamaa ni sakafu ya buti. Pale difu, boksi la gia la ekseli ya nyuma, inapofungwa kuna sehemu ya bati iliyopigwa vidoti vya kuchomelea, na torki ya silinda sita huing'oa taratibu. Ondoa kapeti la buti lote, tazama nyufa kwenye sakafu, kisha tazama tena kutoka chini. Silinda nne za 1.9 hazina nguvu ya kufanya uharibifu huo kwa urahisi, lakini basi kwa nini ununue Z3? Utamu wake wote uko kwenye silinda sita. Mfumo wa maji ni wa plastiki nyingi: pampu, tangi la maji, nyumba ya themostati. Ukilinunua, badilisha vyote kwa pamoja, usingoje.

MR2 ndiyo ninayomwonea huruma. Inakwenda kama Boxster ndogo, ina injini katikati, ni nyepesi, na injini yake ya 1ZZ-FE fundi yeyote wa Kariakoo au Nairobi anaijua kutoka kwenye Premio, Allion na Opa za 1.8. Na ugonjwa wake nao wanaujua: ringi za pistoni za matoleo ya mwanzo hula oili. Kwenye MR2 jambo huwa zito zaidi kwa sababu karibu kabisa na injini kuna vikatalisti vidogo, visafisha moshi, kwenye ekzosi. Vikichakaa na kusagika, unga wake hurudi kwenye silinda. Wamiliki wengi wameviondoa au wamebadilisha ekzosi. Uliza, kisha vuta kijiti cha oili. Tatizo la mwisho ni la kuchekesha: gari halina buti. Kuna kisanduku nyuma ya viti. Ukienda kununua unga wa ugali wa kilo kumi, mke abaki nyumbani.

Karatasi kabla ya moyo

Kwa anayenunua Uingereza, silaha ya bure kuliko zote ni historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Andika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, utaona ukaguzi wake wa tangu 2005, maili za kila mwaka, na maonyo. Soma maonyo kama unavyosoma barua ya posa. Gari ambalo miaka minne mfululizo limeandikiwa "kutu upande wa kulia", kisha mwaka wa tano hamna neno, ama limechomelewa vizuri ama limepakwa lami nyeusi. Hapo ndipo pa kugonga kwa bisibisi. Kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda wa kiti au shokapu unapofungwa, gari linaanguka mtihani, na ubavu wa MX-5 uko papo hapo.

Wakazi wa London waangalie namba ya gari kwenye kikagua cha ULEZ, eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu. Kanuni ya jumla ni petroli ya kiwango cha moshi cha Ulaya, Euro 4, kinachohesabiwa kuanzia Januari 2006, lakini baadhi ya magari ya zamani yanapita kwa vipimo vyake. Lisilopita linalipa paundi 12.50 kila siku linapoendeshwa, na tangu Agosti 2023 ni London nzima. Msamaha wa magari ya kihistoria unaanza miaka 40, na katika haya hakuna lililofika. Ushuru wa barabara nao hauna nafuu: yaliyosajiliwa kabla ya Machi 2001 hulipa kwa ukubwa wa injini, mstari wa kodi kubwa ni cc 1,549, na yote matano yameupita, hata Mazda ndogo yenye cc 1,597.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kulipeleka nyumbani. Usukani uko kulia, kwa hiyo hilo si tatizo. Kenya mlango umefungwa kwa gari lililozidi miaka minane. Tanzania linaingia, ila kuna ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, na juu yake ushuru mwingine wa kawaida. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujalipakia kwenye meli. Na ufikirie matuta. SLK likivuka tuta la mtaani utalisikia tumboni mwako. Jua la saa saba mchana nalo, paa wazi, nani atakaa humo? Haya ni magari ya asubuhi na ya jioni. Kwa nyumbani ningepeleka MR2 au Mazda, kwa sababu ya spea na mafundi, na Boxster nisingepeleka kabisa.

Sasa, lipi?

Kama hujawahi kumiliki gari la aina hii, na pesa yako ya matengenezo ni ya kuhesabu, MX-5. Si kwa sababu haliugui. Ni kwa sababu linaugulia mahali unapoweza kuweka kidole. Kizazi cha kwanza kikiwa na chuma kizuri kitashikilia bei yake kuliko yote isipokuwa labda Boxster S iliyotunzwa. Kizazi cha pili ni rahisi kununua lakini tochi ianzie mbele, kwenye mihimili.

Boxster mchukue mwenye akiba pembeni, sawa na nusu ya bei ya gari, ambayo hataigusa kwa jambo lingine. Anayenunua Boxster kwa shilingi yake ya mwisho ananunua kelele. Lakini mwenye akiba hiyo, na risiti ya beringi mkononi, sitamzuia hata kidogo. Hakuna kati ya haya linaloikaribia Boxster.

SLK ni kwa anayetaka gari moja la mwaka mzima na hana haja ya kona. Z3 ya 2.8 kwa anayependa silinda sita na amekagua sakafu mwenyewe. MR2 kwa msafiri asiye na mizigo.

SLK niliiuza kwa mtu niliyemwonyesha kila kitu, pamoja na mafuta kwenye kapeti. Nikanunua Eunos ya 1992, nyekundu, kilomita laki moja na ishirini. Fundi wangu alizunguka akigonga, ko, ko, ko, mpaka akamaliza pande zote mbili. Kisha akaomba chupa ya maji, akamimina nyuma ya viti, tukainama wote wawili kwenye lami tukisikiliza.

"Inatoka," akasema.

Chupa ile mpaka leo iko kwenye buti.